Muulize Fundi: Kibao cha Kukatia, Kazi ya Kwanza ya Seremala Mchanga

Toleo lililopita nilisema, kwa mstari mmoja tu, kwamba anayetaka kujifunza useremala asianze na kiti wala meza, aanze na kibao cha kukatia. Barua zilizofuata zimenifurahisha mno. Wapo wanaouliza mbao, wapo wanaouliza gundi na mafuta, na wapo waliokwisha kutengeneza kibao kikawapasukia. Basi leo ukurasa wote ni wa kibao.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimepanga chumba na sebule. Sina mashine hata moja, nina msumeno wa mkono, nyundo na hamu. Je, naweza kutengeneza kibao cha maana, au nipeleke tu mbao kwa mwenye mashine? Na nitafute mbao gani?
*Mwalimu, Kigamboni, Dar es Salaam*

Marahaba, Mwalimu. Unaweza, tena kikatoka kibao cha kumpelekea mama mkwe. Ongeza vitu vitatu kwenye hivyo ulivyo navyo: randa ya mkono iliyonolewa sawasawa, skwea (kipimo cha pembe mraba), na msasa wa namba 80, 120, 180 na 220. Nasisitiza hapo kwenye kunoa. Randa butu humvunja moyo mwanafunzi hata akadhani hana kipaji, kumbe kosa ni la chuma.

Kibao cha kwanza kitoe kwenye kipande kimoja, bila gundi. Upana wa inchi 8 unatosha, urefu kama sentimita 35, na unene uwe inchi moja na nusu kabla ya kupiga randa, ili kikimalizika kibaki na sentimita 3 au pungufu kidogo. Usinunue mbao nzima ya futi 12. Nenda kwenye karakana za Keko au Buguruni ukaulizie mabaki. Wanapotengeneza milango na vitanda vya mbao ngumu, hubaki vipande vya futi moja, futi moja na nusu, ambavyo mwisho wake huwa kuni. Hivyo ndivyo vyako. Zungumza na fundi kwa adabu, mwambie unajifunza, atakuchagulia.

Sasa mbao yenyewe. Kibao kinataka mti mgumu kiasi, wenye vinyweleo vidogo, usio na harufu kali wala utomvu. Mimi namchagulia mwanafunzi mninga kabla ya miti mingine yote. Si kwa sababu ya rangi, ingawa ile kahawia yenye mishipa myekundu inapendeza. Sababu ni kwamba mninga ukishakauka hutulia. Hautanuki sana masika wala haunywei sana kiangazi, na randa inapita vizuri. Chukua ile sehemu ya rangi iliyoiva. Ile nyeupe ya pembeni iache, hiyo ndiyo bungua, wadudu watoboa mbao, wanaitafuta.

Mtiki ni mzuri pia, hasa kwa maji, na sisi wa Tanga tunaujua kwa sababu ya shamba la Longuza kule Muheza. Ila una chembechembe kama mchanga ndani yake, utanoa randa mara kwa mara. Mvule nao hufaa, lakini wakati mwingine huficha mawe meupe yanayokula meno ya msumeno, na vumbi lake huwawasha watu ngozi na kifua, kwa hiyo vaa barakoa. Mwembe ni wa bei nafuu na watu wanaudharau bure. Kama ungekuwa mti wa ovyo usingetolewa mitumbwi. Ukikauka vizuri unatoa kibao kizuri sana. Mkangazi ni laini kidogo, kisu kitaacha alama mapema, ila kwa kujifunzia hauna tabu. Msonobari na mkaratusi achana nayo kabisa kwa kazi hii: wa kwanza ni mwororo na una utomvu, wa pili hupinda na kupasuka wakati wowote unaojitakia wenyewe.

Ukishika kipande, kitazame kichwani, pale msumeno ulipokata. Ukiona kile kitone cha katikati kabisa ya mti, moyo wenyewe, kirudishe. Mbao yenye moyo hupasuka kuanzia hapo, hakuna dawa. Kitazame pia ubavuni: nyuzi ziende moja kwa moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, zisipige kona kuzunguka fundo.

Halafu, Mwalimu, ngoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Umefika nyumbani Jumamosi na kipande chako, msumeno unakuita. Usikate. Kipime kwanza kwenye mizani ya duka la jirani, andika uzito kwa kalamu ya risasi juu ya mbao yenyewe, na tarehe. Kiweke kivulini, kisimamishe juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote. Wiki ijayo kipime tena, andika. Kikiwa kinapungua gramu, bado kina maji. Uzito ukikaa palepale wiki mbili au tatu mfululizo, kimekauka kwa hewa ya nyumba yako, anza kazi. Wazee wa kazi wanahesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa mbao ngumu iliyopasuliwa juzi. Mabaki ya karakana kwa kawaida yameshakauka nusu ya safari, lakini mizani ndiyo itakayokuambia ukweli. Usikianike juani ukidhani unaharakisha. Jua hukausha ngozi ya juu na kuacha tumbo bichi, na hapo nyufa zinaanzia.

Kikishakauka, anza na uso mmoja. Weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa mbao, uiname utazame juu ya cha mbele ukilinganisha na cha nyuma. Kama migongo yao haiendi sambamba, mbao imejinyonga. Utaona pembe mbili zimeinuka. Piga randa pembe hizo hadi vijiti vikubaliane. Kisha piga randa uso mzima. Sikiliza. Randa ikienda na nyuzi inatoa sauti laini ya kuchana, na maranda yanatoka marefu yamejikunja. Ikienda kinyume inagutuka, na ukipitisha kidole unakuta vijishimo ambako nyuzi zimeng'oka. Usiongeze nguvu. Igeuze mbao, mwisho wa mbele uje nyuma, usukume kutoka upande wa pili. Kwenye mninga kuna mahali nyuzi hugeuka katikati ya mbao. Hapo rudisha chuma cha randa ndani kidogo, uchukue maranda membamba yanayopitisha mwanga.

Uso wa kwanza ukinyooka, weka skwea ubavuni, nyoosha ubavu mmoja. Kutoka hapo vipimo vyote vinatokana na uso huo na ubavu huo. Chora unene kuzunguka, piga randa uso wa pili hadi kwenye mstari. Kata urefu kwa msumeno. Unapopiga randa vichwa, usiende kutoka ukingo hadi ukingo, utabandua kipande cha mwisho. Nenda kutoka kila upande ukiishia katikati.

Kona na kingo zivunje kwa randa au tupa, zisiwe kali mkononi. Tundu la kutundikia si lazima. Ukilitaka, toboa kwa keekee au drili, ila usipenye moja kwa moja: ncha ikichungulia upande wa pili, geuza mbao umalizie kutoka kule.

Msasa nao una utaratibu. Namba 80 hadi alama zote za randa zifutike, halafu 120, 180, 220, kila mara ukifuata nyuzi. Kisha, na hili wengi hawalijui, lowesha kibao chote kwa kitambaa chenye maji safi, ukiache kikauke usiku kucha. Asubuhi utakikuta kina manyoya kama kidevu kisichonyolewa. Yafute kwa namba 220. Rudia mara moja tena. Usipofanya hivyo, manyoya yatasimama siku mama anapoosha kibao kwa mara ya kwanza, na ataona umefanya kazi nusunusu.

Fundi, nilinunua kibao kizuri Tanga nilipokuja harusini, cha kipande kimoja, kipana. Nimefika nacho Dodoma, mwezi wa nane kimepasuka kutoka kichwani karibu hadi katikati. Sikukiangusha wala sikukiloweka. Kwa nini? Na je, kinaunganishika?
*Msomaji, Area C, Dodoma*

Pole sana, ndugu yangu. Hukukosa lolote, na pengine aliyekitengeneza naye aliridhika nacho kwa dhati. Tatizo ni safari.

Mbao haikauki ikamaliza. Hata ikiwa na miaka ishirini kabatini, inavuta unyevu wa hewa na kuutoa. Tanga hewa ina maji mwaka mzima, bahari iko pale. Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba ni upepo mkavu. Kibao kilichokuwa kimetulia huku kilipofika kwako kilianza kunywea. Na mbao hainywei sawasawa: kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana hunywea, tena ule upana unaofuata duara za mti hunywea karibu mara mbili ya ule unaotoka moyoni kwenda kwenye gome. Tena vichwa hutoa maji haraka kuliko sehemu nyingine, kwa sababu mirija ya mti iko wazi pale. Vichwa vikanywea, katikati pakawa bado, mbao ikachanika.

Kuunganisha inawezekana kama ufa ni mwembamba na umesimama, yaani hauendelei. Ukiache kwanza hadi mvua za Desemba zikaribie, utauona ufa unajifunga wenyewe kiasi. Hata hivyo mimi sikushauri kujaza gundi kwenye ufa ule. Utashika kwa muda, kiangazi kingine utafunguka pembeni mwa gundi, na katikati hapo mabaki ya nyama na kitunguu yataingia mahali usipoweza kupasafisha. Kipasue kabisa kwa msumeno ukifuata ufa, nyoosha kingo mbili kwa randa, ndipo uziunganishe kwa gundi. Utapoteza sentimita moja ya upana na utapata kibao kizima.

Kwa wanaotengeneza vibao vya kupeleka bara: mpe mnunuzi ushauri wa mafuta, na uvipake vichwa mafuta mengi kuliko nyuso. Na kibao kikipelekwa mahali pakavu kikae kwanza kwenye mfuko wa plastiki uliofunguliwa kidogo kwa wiki kadhaa, kipumue taratibu.

Habari za kazi, Fundi. Nimeona vibao vya mistari ya rangi mbili, nikajaribu kuunganisha mninga na mkangazi kwa gundi nyeupe ya kawaida. Kilipendeza sana. Baada ya miezi miwili viungo vinafunguka kimoja kimoja. Tena sina klampu, nilifunga kwa kamba. Nimekosea wapi?
*Kijana wa Kihonda, Morogoro*

Nzuri, mwanangu. Kwanza nakupongeza kwa kujaribu mistari, ni kazi inayofundisha mengi. Sasa tuangalie gundi, halafu kingo, halafu mbano, maana kimojawapo kati ya hivyo ndicho kilichokuangusha, au vyote.

Gundi nyeupe ya kawaida ya fanicha inalainika ikilowa. Kabati haliogi, kibao kinaoga kila siku. Ukifika dukani soma kopo: tafuta iliyoandikwa D3. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha gundi za mbao, D1 ni ya mahali pakavu kabisa, D3 inavumilia maji ya mara kwa mara, na D4 inazidi hapo. Bei inapanda kidogo, ila kopo dogo linatosha vibao kadhaa. Kama kopo halina alama yoyote, liache hapohapo.

Kingo. Gundi haijazi pengo. Weka vipande viwili ubavu kwa ubavu, viinue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya hata mstari mmoja, rudi kwenye randa. Mimi nabana vipande viwili pamoja kama kitabu kilichofungwa, nazipiga randa kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata kama randa imelala upande kidogo, ukivifungua kosa la kingo hii linazibwa na kosa la kingo ile, na kiungo kinalala sawa. Baba yangu alinifundisha hivyo Ngamiani, Tanga, na sijaona njia bora kwa asiye na mashine. Ukiunganisha siku za usoni mtiki, futa kingo kwa spiriti dakika chache kabla ya gundi, kwa kuwa mti huo una mafuta yanayozuia gundi kushika.

Mbano. Kamba peke yake haitoshi, mwanangu. Lakini huna haja ya klampu za gharama. Chukua ubao mnene ulionyooka, mpana kuliko kibao chako, utandikie gazeti juu ili gundi isishike. Pigilia kipande cha mbao upande mmoja. Laza vistari vyako, yaani vile vipande vyembamba vya mbao, vikiwa na gundi, kando yake. Upande wa pili acha nafasi ya vidole viwili kisha pigilia kipande kingine. Kwenye ile nafasi ingiza kabari mbili zinazotazamana, ugonge moja kwa nyundo huku na moja kule, kwa zamu. Utaona gundi inachuruzika kwenye kila kiungo matone madogo yaliyopangana kama jasho. Matone hayo ndiyo dalili. Yasipotoka, gundi haitoshi au mbano hautoshi. Juu yake weka mbao bapa na mawe ili vistari visinyanyuke. Anayetaka njia nyepesi zaidi akate mpira wa ndani wa baiskeli utepe mrefu, auvute kwa nguvu akizungusha kibao mara nyingi. Mpira una mvuto usiolegea kama kamba. Kiache usiku mzima, na usikiloweshe kwa siku kadhaa.

Jambo la mwisho, kabla ya gundi vipange vistari ukitazama vichwa vyake. Zile duara za mti zisimame wima kadiri inavyowezekana, zisilale. Kibao cha duara zilizosimama hakitanuki ovyo, na hakitakuwa bakuli. Na hakikisha vistari vyote vimekauka sawa: mkangazi uliokaa dukani na mninga uliotoka msituni juzi vitavutana hadi mmoja ushinde.

Assalaam aleikum Bi Fundi. Naomba unieleze mafuta ya kupaka kibao. Duka la vifaa waliniuzia vanishi, jirani anasema mafuta ya alizeti, mtandaoni wanasema parafini. Nimechanganyikiwa.
*Dada wa Kisauni, Mombasa*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kupaka, maana hapa kuna hatari ya kweli.

Huko Kenya ukisema parafini, muuza duka atakuwekea mafuta ya taa. Hayo usiyakaribishe kabisa kwenye kibao cha chakula. Kinachosemwa ni parafini ya dawa: mafuta ya majimaji, yasiyo na rangi, harufu wala ladha, yanauzwa duka la dawa kwa ajili ya kulainisha choo. Mwombe mfamasia ya matumizi hayo, asome chupa na kukuonesha kwamba yanamezeka. Mafuta ya watoto ya kupaka mwilini ni jamaa yake, lakini yametiwa manukato, kitunguu chako kitanukia poda ya mtoto.

Vanishi isiwekwe mahali kisu kinapopita. Kisu huibandua magamba, nayo huingia kwenye kachumbari. Alizeti na mafuta mengine ya kupikia hayana sumu, ila ndani ya mbao yanachacha na kuganda kama ulimbo, na kibao kinanata na kunuka. Mafuta ya nazi huvumilia zaidi kuliko ya alizeti, na bibi zetu wameyatumia. Kama huna kingine paka mafuta ya nazi yaliyochujwa sana, kidogo kidogo. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya makopo ya duka la vifaa, huwa yametiwa kemikali za kukausha haraka. Hayo ni ya milango. Na anayeyatumia kwenye milango asirundike vitambaa vyake, vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Avitandaze nje vikauke.

Namna ya kupaka: mimina mafuta ya dawa kijiko kimoja juu ya kibao, sambaza kwa mkono mtupu. Utaona rangi ya mti inafunguka palepale. Endelea hadi mbao ikatae, geuza, fanya upande wa pili, na vichwa uvipe mara mbili. Kiache usiku, asubuhi futa yaliyobaki juu. Rudia siku tatu nne za mwanzo, baadaye mara moja kwa mwezi, au ukiona maji hayajikusanyi tena matone juu yake.

Ukipenda kukilinda zaidi, changanya nta ya nyuki sehemu moja kwa mafuta ya dawa sehemu nne, kwa uzito. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo iweke kwenye kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja jikoni, nta hushika moto. Ikipoa inakuwa laini kama mafuta ya mgando. Nta ya Tabora inanukia asali, na harufu hiyo haikai muda mrefu kwenye kibao, lakini siku ya kupaka karakana yangu yote hupendeza.

Mama, nauza chakula stendi. Bwana afya ametuambia tuache vibao vya mbao, tutumie vya plastiki kwa sababu vya mbao vinaficha vijidudu. Ni kweli? Nakatia samaki kila siku.
*Mama lishe, Mwanza*

Kama bwana afya wa eneo lako ameagiza plastiki kwenye biashara, fuata agizo lake, mdogo wangu. Leseni ni yako na watoto wanakula hapo. Ila kwa jikoni mwa nyumbani, mbao imeonewa.

Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani aitwaye Dean Cliver na wenzake walichapisha majaribio yao: walimwaga vijidudu kwenye vibao vya mbao na vya plastiki. Kwenye mbao vilivutwa ndani na juu vikawa havipatikani tena kwa wingi, wala havikuzaana mle ndani. Plastiki mpya ilikuwa rahisi kusafisha, lakini plastiki iliyochanwachanwa na visu ilikuwa ngumu kusafishika kwa mkono. Hilo la michano ndilo la kushika. Kibao chochote chenye makovu marefu ya kisu kimeshazeeka. Cha mbao una njia: kipige randa maranda mawili matatu, kipake mafuta, kimekuwa kipya. Cha plastiki unatupa.

Kwa samaki na nyama mbichi weka kibao chake, na cha kachumbari na matunda kiwe kingine. Chora alama ya samaki kwa patasi ubavuni ili hata msaidizi mgeni asikosee. Ukimaliza osha kwa maji ya moto na sabuni pande zote mbili, hata kama umekatia upande mmoja tu. Upande mmoja ukilowa na mwingine ukabaki mkavu, kibao kinapinda. Kisimamishe kwa ubavu, hewa ipite. Usikilaze juu ya meza yenye maji, usikizamishe kwenye beseni, usikianike juani. Harufu ya sato ikikaidi, nyunyiza chumvi ya mawe, sugua kwa nusu ya ndimu, acha dakika kumi, suuza.

Fundi, nina paleti, vile vichanja vya mbao vya kuwekea mizigo, za bure kutoka ghala moja. Zinafaa?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Tafuta muhuri uliochomwa kwenye paleti. Ukiona HT, zilipashwa joto kuua wadudu. Ukiona MB, zilifukizwa methili bromidi, ambayo ni sumu; usizitumie. Zisizo na muhuri usizitumie pia. Na hata HT, huwezi kujua ilibeba nini njiani, huenda ni dawa za mimea. Fanya nazo rafu ya viatu. Vivyo hivyo mbao za paa zenye rangi ya kijani: zimetiwa dawa, nyingi huwa na shaba, kromu na arseniki. Hizo hata vumbi lake usivute, wala vipande vyake usivichome jikoni.

Fundi, kwetu Lindi mpingo upo. Kibao changu cha kwanza nataka kiwe cha mpingo. Unasemaje?
*Kijana, Nachingwea*

Mpingo ni mti wa taifa letu na naupenda kupita miti yote, ndiyo maana nakuambia hapana. Ni mzito kiasi cha kuzama majini. Utachosha msumeno, utachosha randa, na kibao kikiisha kitamchosha mama kwa kubutuisha kisu chake kila siku. Kibao kinatakiwa kiwe kigumu kuliko chakula na kilaini kuliko chuma. Mti huo unachukua zaidi ya nusu karne kukomaa, na dunia nzima inautegemea kwa klarineti na oboe. Kipande kidogo ulicho nacho, kama kimepatikana kwa kibali, kihifadhi hadi mkono wako uzoee, kisha ukitengenezee mpini wa kisu.

Kibao chako cha kwanza kifanye kwa mwembe. Nachingwea haikosi mwembe mkuukuu ulioanguka kwenye uwanja wa mtu. Ongea na mwenyewe, upasuliwe vipande vya inchi mbili, vipake rangi yoyote kwenye vichwa siku hiyohiyo ili visipasuke, vipange kivulini kwa vijiti katikati. Mwembe mbichi huingiwa na ukungu haraka, kwa hiyo usivirundike hata usiku mmoja. Baada ya miaka miwili vitakuwa tayari, nami nitafurahi ukiniandikia uzito wake wa kwanza na wa mwisho.